Kwa nini Link anashika moto kabla hajaigusa lava?

Swali limetoka kwa msomaji wa Arusha, mwanafunzi wa kidato cha tano:

"Shikamoo mwalimu. Nacheza The Legend of Zelda: Breath of the Wild na nimefika eneo la Eldin, lenye ule mlima wa volkano unaoitwa Death Mountain. Nikipanda kidogo tu, lava yenyewe bado iko mbali, Link, mhusika ninayemwongoza, anawaka moto. Upinde wa mbao unateketea mgongoni, mishale ya bomu inajilipukia. Kaka yangu aliwahi kupanda Ol Doinyo Lengai na anasema kule juu alitetemeka kwa baridi. Nani mkweli kati ya gemu na kaka? Na je, kuna mlima wowote duniani unaofanana na ule? Kaka anataka twende wote Lengai mwezi Desemba. Naomba uniambie pia nijiandae vipi."

Marahaba mwanangu.

Kaka yako amesema kweli, na baridi aliyoikuta Lengai ndiyo waliyokuwa wakiikuta wageni wa Nyiragongo, volkano ya Kongo iliyo karibu na mji wa Goma, walipoketi ukingoni mwa kreta huku chini yao ziwa la lava likichemka. Ukingo ule uko kwenye mwinuko wa karibu mita 3,470. Kabla ya mlipuko wa 2021 watu walikuwa wanalala pale juu kwenye vibanda vidogo, wamejifunika makoti mazito, uso ukipata vuguvugu la ziwa na mgongo ukiganda. Ziwa lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 200 na joto lililozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hata hivyo, fimbo za mbao walizopandia watu hazikuwahi kushika moto.

Sababu ni namna joto la lava linavyosafiri. Hewa iliyopashwa moto na lava haitulii pale ilipo: inakuwa nyepesi, inapaa juu, na hewa ya baridi inaingia kutoka pembeni kushika nafasi yake. Kwa hiyo hewa unayoivuta ukiwa hatua kadhaa kutoka kwenye lava inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Joto linalokufikia ni la mnururisho, joto linalosafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga. Ukigeuza uso, linapiga kisogo. Ukijibanza nyuma ya jiwe, limekatika papo hapo. Link yeye hata akijificha nyuma ya mwamba mzima anaendelea kuungua, na hapo ndipo gemu inapoachana na maumbile.

Mnururisho una kanuni kali ambayo utakutana nayo kwenye fizikia kama hujakutana nayo bado: nguvu yake inapanda kwa kipeo cha nne cha joto halisi, lile linalopimwa kwa kelvini. Piga hesabu mwenyewe. Lava iliyotoka sasa hivi, yenye nyuzi 1,130 hivi, inatoa takriban kilowati 218 kwa kila mita ya mraba. Jua la adhuhuri linatupa takriban kilowati moja. Sasa ngoja lava hiyo hiyo ifanye ganda juu na ganda lipoe hadi nyuzi 500, uone inavyobaki na kilowati 20 tu. Kwa kelvini joto lake limepungua karibu nusu tu, lakini mnururisho wake umebaki chini ya sehemu moja ya kumi. Ganda hilo linaanza kujitengeneza ndani ya sekunde chache lava ikikutana na hewa. Ndiyo maana wanajiolojia kule Hawaii wanaisogelea lava inayotambaa, wanachota kipande kwa nyundo na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Wanavaa glavu nene na kukinga uso, na hawakai pale muda mrefu. Lakini wanafika.

Mbao kavu nayo inahitaji kilowati 12 hivi kwa mita ya mraba, na cheche ya jirani, ndipo iwake. Mwili wa mtu hausubiri kufika huko: ngozi inaanza kuuma kwenye kilowati nne au tano baada ya sekunde chache tu. Maana yake, ungekuwa umeshakimbia zamani kabla upinde wako haujafikiria kuwaka. Na kama tungesema hewa yenyewe ya Eldin ndiyo ya moto kiasi cha kuwasha mti bila cheche, ingebidi iwe na nyuzi mia mbili na kitu au mia tatu. Hewa hiyo ingeunguza mapafu kwa pumzi ya kwanza, na vipepeo wanaoruka kule, ambao Link anawakamata kutengenezea dawa, wangekuwa wamekauka.

Lakini gemu haikufanya hivyo kwa kutojua. Mwaka 2017, kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu wa GDC huko San Francisco, mwongozaji Hidemaro Fujibayashi pamoja na Takuhiro Dohta na Satoru Takizawa walieleza mfumo walioujenga chini ya gemu nzima, wakauita injini ya kemia. Una sheria tatu. Moto, maji, umeme na vinavyofanana navyo vinaweza kubadilisha hali ya kitu: moto unaunguza mti. Vinaweza pia kubadilishana vyenyewe: maji yanazima moto. Ila kitu hakiwezi kubadilisha hali ya kitu kingine peke yake. Sheria hizi zinafanya kazi Hyrule yote, yaani nchi nzima ya gemu, kwenye nyasi, kwenye mvua, kwenye barafu, na Eldin ndipo zilipoachiwa zifike mwisho wake. Ukiangusha nyama chini, inaiva. Mshale wa kawaida ukiuweka kwenye upinde unawaka wenyewe. Dawa ya kuzuia moto unayokunywa inamlinda Link, lakini upinde wake wa mbao hauna habari na dawa hiyo, unateketea. Ukilielewa hilo, unaanza kupanga silaha za chuma na mawe kabla ya kupanda, na hapo mlima unakuwa fumbo unalolitatua kwa akili.

Mimi naona ni kazi nzuri sana. Mlima wa volkano kwenye gemu nyingi ni picha ya nyuma: mwekundu, una moshi, na lava yake ni shimo la kuruka. Huu unakulazimisha kuuliza kila ulichobeba kimetengenezwa kwa nini. Nimewaona vijana ambao hawakuwahi kujali tofauti ya mbao na chuma darasani wakibishana juu yake kwa saa nzima kwa sababu ya Eldin. Nyuzi za joto zimekosewa, lakini tabia ya kuuliza "hiki kitafanya nini kwenye joto" ndiyo hasa tabia ya mtu anayefanya kazi kwenye volkano.

Swali lako la pili, kama kuna mlima unaofanana na ule, lina jibu zuri kuliko ulivyotarajia.

Tazama umbo la Death Mountain. Ni mlima mrefu wa umbo la pia, wenye miteremko mikali, na katikati yake pana kreta yenye lava. Kutoka pale lava inatiririka kama mto, nyepesi, nyekundu, hadi karibu na makazi ya Wagoron, wale watu wa mawe wa kwenye gemu. Mtu wa volkano akiona vitu hivyo viwili pamoja anasita. Mlima mkali wa umbo la pia kwa kawaida umejengwa na lava nzito inayoganda kabla haijafika mbali, ikipishana na tabaka za majivu. Fuji ya Japani, yenye mita 3,776, ina umbo hilo, na mara yake ya mwisho kulipuka ilikuwa 1707. Lava nyepesi inayotiririka kama mto, kwa upande mwingine, inajenga mlima mpana uliolala, kwa sababu kila mtiririko unakimbia mbali kabla haujaganda. Mauna Loa ya Hawaii ni mkubwa ajabu, lakini ukiutazama kutoka mbali unaona mgongo mrefu usio na kilele cha kuchongoka. Kinachotofautisha lava hizo ni silika hasa, kiungo kile kile cha mchanga na kioo. Silika ikiwa nyingi, chembe zake zinashikana minyororo na lava inakuwa nzito, inabana gesi ndani yake, halafu inalipuka. Silika ikiwa kidogo, lava inamwagika.

Kwa hiyo Death Mountain ina mwili wa Fuji na damu ya Hawaii. Ungeweza kusema basi, ni ndoto ya wachoraji. Ila Nyiragongo upo. Ni mlima mkali wa umbo la pia, umekuwa na ziwa la lava kileleni mara kwa mara, na lava yake ina silika kidogo kuliko karibu lava yoyote inayomwagika leo duniani, nyepesi kupita hata ya Hawaii. Mlima unaokaribiana zaidi na ule wa kwenye gemu yako uko Kongo, umbali wa kilomita kumi na kitu kutoka kwenye masoko ya Goma.

Na hapo ndipo gemu inaonekana ya upole. Lava ya Eldin imekaa kwenye mitaro yake tangu unapoanza kucheza mpaka unapomaliza. Tarehe 10 Januari 1977 kuta za Nyiragongo zilipasuka pembeni na ziwa lote likatoka kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko ya juu lava ilikimbia kwa kasi inayokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa, kasi ya gari barabarani, na watu wa vijijini hawakuweza kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka tena. Safari hii lava iliingia Goma yenyewe, ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, ukapasuka kwa mara nyingine, na lava ikasimama pembezoni mwa mji. Ukitembea Goma leo unaona nyumba na kuta za uzio zilizojengwa kwa mawe meusi ya lava ile ile. Watu wamejenga upya juu yake, kwa sababu udongo wa volkano unazaa, ziwa lina samaki, na biashara ya mpakani haisubiri mlima utulie. Wagoron wanaobaki Eldin na migodi yao hata mlima unapowatupia mawe sioni kuwa ni hadithi ya kutunga tu. Wale ni watu wa Goma, na wa Naples, na wa Kagoshima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo gemu imeliacha kabisa, na ndilo ninalotaka ulibebe kichwani kuliko yote. Gesi.

Death Mountain inakuua kwa kile unachokiona. Lava ni nyekundu, mawe yanayoanguka yanawaka, na kipimajoto kiko kwenye kona ya skrini. Kwenye volkano za kweli kitu kinachoweza kukuua mahali pa amani kabisa, kwenye majani mabichi, bila moto wala moshi, ni hewa ya ukaa. Inapenya kutoka kwenye nyufa za ardhi, haina rangi wala harufu, na ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya mabondeni na kwenye mashimo. Ikizidi asilimia 10 ya hewa unayovuta, unapoteza fahamu kwa muda wa dakika chache. Watu wa Goma na pwani ya Ziwa Kivu wanaijua siku nyingi, wanaita mahali pake mazuku, na wataalamu wa volkano wa dunia nzima wameichukua kama ilivyo, wanaandika mazuku kwenye ripoti zao. Inatisha zaidi usiku na alfajiri, pasipo upepo, kabla jua halijaichanganya na hewa nyingine. Anayeanguka kwanza ni mbuzi, mbwa, au mtoto mdogo, kwa sababu pua yake iko chini. Mama anainama kumwinua mtoto na yeye anaanguka palepale.

Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, lililo kwenye kreta ya volkano, liliachia wingu la gesi hiyo lililokuwa limeyeyuka kwenye maji ya chini. Wingu lilishuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya ng'ombe. Hapakuwa na tone la lava. Ziwa Kivu nalo limebeba gesi ya namna hiyo vilindini, nyingi kuliko ya Nyos kwa mbali sana, pamoja na methani ambayo Rwanda inaivuna kuzalisha umeme.

Naelewa kwa nini watengenezaji hawakuiweka. Mchezaji akifa bila kuona kilichomuua ataona ameonewa, na atazima gemu. Lakini kijana aliyejifunza volkano kwa kucheza anajifunza kuogopa rangi nyekundu na kuliamini bonde la kijani, wakati kwa watu wanaoishi chini ya milima hii mara nyingi inapaswa kuwa kinyume. Hili linanikera kidogo hata ninapoipenda gemu yenyewe. Wangeweza kuweka bonde moja tu, mwenge wa Link ukipungua mwanga kila anaposhuka hatua. Injini yao ya kemia ingeweza kabisa.

Mawe yanayoanguka, kwa upande mwingine, wameyapatia. Yule mnyama wa mitambo Vah Rudania anapozunguka mlimani na mlima ukawa unarusha miamba inayowaka, hofu ile ni ya kweli. Tarehe 27 Septemba 2014 Mlima Ontake wa Japani ulilipuka kwa mvuke, bila onyo la kutosha, siku ya Jumamosi ya mwanga mzuri wakati kilele kimejaa watembeaji. Watu 63 walikufa au hawakuonekana tena, na wengi wao waliuawa na mawe. Sakurajima, volkano iliyo mbele ya mji wa Kagoshima, wanafunzi wanaoishi chini yake wanavaa kofia ngumu kwenda shule. Watengenezaji wa Kijapani hawakuhitaji kwenda mbali kutafuta wazo hilo.

Kitu kingine ambacho Eldin haina, na ambacho kwa milima ya umbo lile ndicho kiuaji kikubwa kuliko lava, ni poromoko la majivu na gesi ya moto linaloshuka mlimani kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa likiwa na joto la mamia ya nyuzi. Mwaka 1902 poromoko kama hilo kutoka Mlima Pelée lilifuta mji wa Saint-Pierre, kisiwani Martinique, kwa dakika chache. Watu takriban 28,000 walikufa. Kwenye Mlima Unzen, Japani, tarehe 3 Juni 1991, liliua watu 43, wakiwemo Maurice na Katia Krafft wa Ufaransa, mke na mume waliotumia maisha yao kupiga picha za volkano kwa karibu kuliko mtu yeyote. Picha zao nyingi zinawaonyesha wamevaa mavazi ya fedha kichwa hadi miguu, wamesimama mbele ya chemchemi za lava.

Hayo mavazi yananirudisha kwenye deraya ya Kigoron, ile unayopewa na Kima kwenye mgodi wa kusini ukimletea mijusi kumi wasioungua. Imechorwa nzito, ya mawe na chuma. Nguo ya kweli ya kukaribia lava ni nyepesi, imepakwa alumini inayong'aa, kwa sababu kazi yake ni kurudisha mnururisho ulikotoka, na alumini safi inarudisha zaidi ya asilimia 90. Chuma kizito kingenywa joto lile taratibu na kumwoka aliyekivaa. Na hata vazi hilo lisingewaokoa akina Krafft poromoko lilipokuja. Hakuna vazi la kulizuia.

Madini unayoyachimba kwenye miamba ya Eldin nayapita haraka. Almasi kweli zinaletwa juu na volkano, lakini za aina ya kale iliyotoka kilindi cha zaidi ya kilomita 150. Mwadui kule Shinyanga ni shina la volkano kama hiyo, na almasi zake zilianza kupatikana mwaka 1940. Rubi za Longido, jirani zako, zilizaliwa kwenye miamba iliyogandamizwa na kupikwa chini sana, si kwenye lava. Kaharabu ndiyo isiyowezekana kabisa. Ni utomvu wa miti ya kale ulioganda kuwa kama jiwe. Ukiutia moto unalainika, halafu unawaka. Ukiikuta kwenye mwamba wa Eldin, ichukue ukauze, lakini usiandike kwenye mtihani.

Utakapomaliza gemu hii na kuingia Tears of the Kingdom, iliyotoka 2023, utaukuta mlima umepoa. Unatembea bila dawa mahali ulipokuwa unateketea. Usikimbilie kusema haiwezekani. Ziwa la lava likiachwa lilipo linachukua muda mrefu ajabu: lile la Kīlauea Iki, Hawaii, lililojaa mwaka 1959, lenye kina cha zaidi ya mita 100, halikuganda lote mpaka miaka ya 1990. Ganda la juu ulikuwa unaweza kulikanyaga mapema sana, lakini chini bado ni uji. Ila lava ikipata njia ya kushuka, kreta inabaki tupu kwa siku chache. Nyiragongo ulifanya hivyo 2021, na Kīlauea 2018. Ukifika kwenye kreta ya Death Mountain katika gemu hiyo ya pili, angalia kuna nini chini, kisha ujiulize lava ilikwenda wapi. Nisikumalizie.

Na Lengai sasa. Lava ya mlima wenu haifanani na nyingine yoyote inayotoka duniani leo. Imejaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu badala ya silika, jambo ambalo mwanajiolojia J. B. Dawson alilithibitisha mwaka 1960, na inatoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu. Rudi kwenye kanuni ya kipeo cha nne: nyuzi 550 zinatoa kilowati 26 kwa mita ya mraba, sehemu moja ya nane ya lava nyingine. Mwanga wake ni hafifu kiasi kwamba mchana huioni nyekundu. Inaonekana nyeusi, kama oili chafu au tope linalotiririka. Ikishapoa inanyonya unyevu wa hewa na ndani ya siku chache inageuka nyeupe, na ndiyo inayofanya wageni wadhani kilele kina theluji. Hapa gemu itakudanganya kwa njia mbaya: usisubiri kuona wekundu ndipo uogope. Zamani kreta ilikuwa imejaa hadi juu, watu wanatembea ndani yake na hata kupiga kambi. Mlipuko mkubwa wa 2007 na 2008 ulichimba shimo refu lenye kuta za wima, na tangu hapo lava inatazamwa kutoka ukingoni. Usikubali mtu akwambie mshuke. Na usisimame kwenye ukingo unaoning'inia, maana majivu yale hayajashikana.

Mtaanza kupanda karibu usiku wa manane ili mfike alfajiri na kushuka kabla jua halijawa kali. Kule bondeni Natron joto la mchana halina huruma, na mlima wenyewe hauna kivuli. Uliza kwanza wenyeji wa Engare Sero hali ya mlima wiki hiyo, na upande na mwongozo wa pale, si mtu aliyekuja nawe kutoka mjini. Kama ardhi imekuwa ikitikisika mfululizo, ahirisheni. Desemba mvua zinaweza kuwa bado zinanyesha, na majivu yaliyolowa kwenye mteremko ule yanateleza vibaya sana, kwa hiyo mkikuta mvua subirini siku. Vaa kofia ngumu, kwa sababu ya mawe yanayosukumwa na miguu ya waliokutangulia. Glavu pia, mawe yale yanakata. Taa ya kichwani yenye betri mpya, fimbo, koti la baridi la kileleni, na kitambaa au barakoa ya vumbi. Barakoa hiyo haizuii gesi. Ukisikia koo linawasha au kichwa kinauma ghafla, geuka upande upepo unakotoka na upande juu ya ukingo, usishuke kwenye shimo lolote kupumzika.

Mkishashuka, kabla ya kurudi Arusha, ombeni mpelekwe kwenye nyayo za watu wa kale pale pale Engare Sero. Zipo zaidi ya 400, zimekanyagwa kwenye majivu ya volkano yaliyokuwa bado mabichi, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Utaona za watu wazima na hata za kijana mdogo.

Maji beba lita tatu, kaka yako naye tatu zake. Mlimani hakuna pa kuongeza.